Woga wa Kituo cha Pili

Tangu mzunguko wa tano wa mchezo huu wa besiboli hakuna mtu aliyemsemesha Anyelo Polanco. Alikaa peke yake mwisho wa benchi, taulo begani, na wenzake wote walikuwa wamesogea upande wa pili kama watu wanaokimbia jua. Aliyetaka maji alizunguka kwa nyuma. Mmoja alibanwa na chafya akaizuia kwa mikono miwili mpaka machozi yakamtoka. Mrushaji ambaye hajapigwa hata pigo moja hasemeshwi, haguswi, wala jambo lenyewe halitajwi. Ndivyo walivyolelewa wote pale Hato Viejo, baba zao pia, na aliyevunja mwiko huo hukumbukwa kwa ubaya kuliko aliyeiba ng'ombe.

Anyelo akatoa chupa ndogo ya kahawia mfukoni, akanywa funda moja, akakunja uso. Hakuna aliyemuuliza ni nini.

Eligio Mercedes, mdakaji aliyepokea mipira yake, alimtazama kwa pembe ya jicho huku akijifunga kinga za miguu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na magoti ya mtu wa sitini. Ndizi za kukaanga alizoandaliwa na mkewe asubuhi alizigusa tu, akamwachia paka.

Sababu aliijua. Siku tatu nyuma, kocha wao Don Fausto alimwita kwenye kijumba cha vifaa, akafunga mlango. Kesho yake baada ya mchezo huu wa Jumapili ilikuwa siku ya kupeleka orodha ya wachezaji wa raundi ya mwisho, na jina moja lilikuwa lazima likatwe.

"Wewe ndiye unayekaa mbele yake," Don Fausto alisema. "Niambie ukweli. Huyu kijana vipi?"

Eligio alifikiri kidogo. "Mkono anao, Don Fausto. Anarusha mpira wa kupinda ambao sijauona miaka kumi. Lakini akibanwa, anavunjika."

"Hana roho."

"Hana roho," Eligio akakubali.

"Basi Jumapili ndiyo ya mwisho. Akivunjika tena, namkata."

Eligio alitoka pale akijiona amesema kweli, tena bila chuki. Lakini neno hilo lilimfuata hadi nyumbani. Mtu akikatwa kwa mkono mbovu, mkono hupona. Akikatwa kwa kukosa roho, timu zote za mashariki hupata habari kabla ya jua kuchwa, na Anyelo, mwenye miaka ishirini na mitatu, angerudi kiwandani kubeba magunia ya sukari na jina hilo mgongoni.

Jambo la pili lililomkosesha raha ni Doña Mirla. Mama huyo alifundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini, na sasa alikuwa mweka rekodi za michezo ya timu. Alikaa nyuma ya wavu kwenye kiti chake cha plastiki, penseli moja mkononi na nyingine kwenye nywele. Ijumaa alimwita Eligio, akamfungulia daftari.

"Kaa hapa, mwanangu. Nani anasema Anyelo hana roho?"

"Kila mtu, Doña Mirla."

"Kila mtu hajui kuhesabu. Tazama. Adui akiwa kituo cha tatu, hatua chache tu afike nyumbani apate bao, Anyelo anafanya nini? Anawamaliza. Adui akiwa kituo cha kwanza? Anawamaliza. Adui akiwa kituo cha pili? Wanampiga kama ngoma ya sikukuu." Akavua miwani. "Sasa nieleze. Mwoga ni mwoga. Aliye kituo cha tatu ni wa kuogopwa zaidi. Woga gani huu unaochagua kituo?"

"Labda ni bahati mbaya."

"Labda. Mara ishirini na sita alizokuwapo mtu kituo cha pili ni chache. Ukirusha sarafu mara chache, hata sarafu utaiona ina roho. Mimi sisemi najua. Nasema wewe pia hujui."

Eligio alicheka, akaondoka. Lakini usingizi wa siku hiyo haukuwa mzuri.

Sasa ulikuwa mzunguko wa nane, Hato Viejo wakiongoza kwa moja bila dhidi ya Majogoo wa Boca Seca. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya bomba la moshi la kiwanda cha sukari. Jukwaani ngoma zilikuwa zimenyamaza zenyewe. Hata muuza juisi ya miwa aliacha kuita.

Mtu wa kwanza wa Boca Seca aliyeingia alikuwa Cuqui Lebrón. Cuqui na Eligio walicheza pamoja timu tatu, na Cuqui ndiye baba wa ubatizo wa binti mkubwa wa Eligio, na tangu hapo waliitana kumpadre. Alikuwa mtu wa maneno, hata akiwa na gongo mkononi.

"Kumpadre," alisema akichimba udongo kwa kiatu, "magoti yako yanalia kama bawaba. Yatie mafuta."

"Tazama mbele."

"Na huyo mtoto wenu, leo ana nini? Ameokoka?"

"Cuqui, tazama mbele."

Cuqui hakupiga chochote. Mipira minne ilipita nje ya eneo, mwamuzi akampa kituo cha kwanza bure. Bado hakukuwa na pigo. Aliyefuata akaugusa mpira kidogo tu ukaviringika, akatolewa yeye, lakini Cuqui akapata nafasi ya kukimbilia kituo cha pili. Akasimama pale akijipangusa suruali, akitabasamu.

Uwanja mzima ukavuta pumzi. Kituo cha pili. Eligio alisikia mtu nyuma yake akinong'ona, "Ndiyo hapo sasa. Ndiyo hapo anapovunjika."

Kwa kawaida mdakaji, akiwa amechuchumaa, huonyesha vidole katikati ya mapaja yake. Kimoja ni mpira wa kasi, viwili ni wa kupinda. Hakuna anayeona ila mrushaji. Lakini adui akiwa kituo cha pili huwa nyuma ya mrushaji, naye huona kila kitu. Kwa hiyo mdakaji hutoa ishara tatu mfululizo, na moja tu ndiyo ya kweli. Ya Eligio ilikuwa ile ya katikati. Alifundishwa hivyo miaka kumi na moja iliyopita, na hakuwahi kuona sababu ya kubadilisha. Haraka, rahisi, hakuna anayechanganyikiwa.

Akatoa ishara: moja, mbili, moja. Wa kupinda.

Anyelo akakubali kwa kichwa, kama alivyokubali kila kitu kwa miaka miwili. Mpira ukaja, ukaanguka mwishoni kama kitu kilichokatwa kamba. Siku nzima wapigaji wa Boca Seca walikuwa wameufukuza mpira huo bila kuupata. Huyu hakutikisa hata bega. Aliuacha upite kama mtu anayeacha mgeni aingie.

Eligio akaurudisha mpira. Jambo dogo lilimkera, hakujua ni nini. Akatoa tena: mbili, moja, mbili. Wa kasi. Safari hii, badala ya kumtazama Anyelo, macho yake yaliteleza yakamwangukia Cuqui. Cuqui alikuwa ameinama, mikono magotini. Mpigaji akauvaa ule mpira kwa nguvu zake zote, ukaruka upande wa kushoto na kuanguka nje ya mstari kwa upana wa mkono. Jukwaa likaguna.

"Mpira ule wa kwanza," Eligio alijiuliza, "mkono wa Cuqui ulikuwa wapi?"

Akajilazimisha kukumbuka. Kofia. Cuqui aligusa ukingo wa kofia.

Jasho jembamba likamtoka chini ya kinyago cha kukinga uso. Akatoa ishara ya tatu polepole, kama mtu anayefungua barua ya hospitali: tatu, mbili, moja. Wa kupinda.

Cuqui akagusa ukingo wa kofia.

Eligio akabaki amechuchumaa, lakini akili yake ilikuwa imeshapanda basi la kwenda kila uwanja wa mwaka ule. Hato Mayor: pale kuna Tito, aliyecheza naye. El Seibo: pale wapo wawili, wote walikula mezani kwake. Boca Seca: Cuqui mwenyewe. Kila timu iliyompiga Anyelo, kituo cha pili alikuwapo mtu aliyewahi kukaa benchi moja na Eligio Mercedes, au aliyeambiwa na mtu huyo. Hawakuhitaji kupeleleza. Walikumbuka tu. Na aliye kituo cha tatu au cha kwanza havioni vidole. Ni wa kituo cha pili peke yake.

Kwa nini Anyelo tu? Jibu nalo halikuchelewa. Mzee Pimentel, mrushaji mkongwe, alikuwa na ishara zake mwenyewe na hakukubali za mtu. Wale wengine walirusha mipira ya kasi mfululizo, hapakuwa na siri ya kuiba. Anyelo ndiye aliyetegemea mpira wa kupinda, na Anyelo ndiye aliyemheshimu mkubwa wake.

Eligio akanyoosha mkono kwa mwamuzi. "Muda."

"Muda?" Mwamuzi alidhani hakusikia vizuri. "Leo?"

"Muda."

Akasimama, akaanza kutembea kuelekea kichuguu cha udongo anaposimama mrushaji. Uwanja ukanyamaza kabisa, halafu ukalipuka. "Rudi! Rudi, mkosi wewe!" Don Fausto alitoka hadi ukingo wa benchi, mishipa ya shingo imemsimama. "Eligio! Una wazimu? Rudi nyuma!" Mlinzi wa kati aligeuza mgongo kabisa, asije akaitwa shahidi.

Hatua zile hazifiki ishirini na tano, lakini zilimtosha Eligio kufikiria mambo mengi. Angeweza kusema, tubadilishe ishara tu, nina wasiwasi. Angeweza kusema Cuqui ni mwizi. Yote yangekuwa kweli nusu. Tena aliogopa jambo jingine: kumwambia mtu jambo zito kama lile katikati ya mchezo ni kama kumwambia mpanda nazi kuwa kamba imeliwa na panya. Huenda akashuka salama. Huenda ndipo akaanguka.

Anyelo alijifunika mdomo kwa glavu. Macho yalikuwa yamemtoka. "Kaka Eligio, unafanya nini hapa? Si ruhusa."

"Najua."

"Basi rudi, watakuua."

"Cuqui anasoma vidole vyangu. Anamwonyesha mpigaji. Kofia ni wa kupinda, magoti ni wa kasi."

Anyelo hakugeuka kumtazama Cuqui. Aliuliza neno dogo tu. "Leo?"

Hapo Eligio akajua kwamba njia ya kutokea ilikuwa wazi. Neno moja, ndiyo, na mambo yangeishia pale. Nyuma yake mwamuzi alikuwa anakuja akilalamika, "Mabwana, hapa si kwa kinyozi. Mnanyoana?"

"Si leo tu," Eligio akasema. "Ni mwaka mzima. Labda na ule uliopita. Ishara zangu ni za zamani, wote wanazijua. Haikuwa wewe."

Anyelo aliukanda mpira kwa vidole.

"Mimi nilidhani nina kasoro," akasema taratibu. "Mama ananichemshia majani mwaka mzima. Chungu kama nyongo. Eti ya roho."

Mwamuzi alikuwa amewakaribia.

"Ya tatu," Anyelo akasema.

"Nini?"

"Ishara ya kweli iwe ya tatu. Nenda, kaka, mwamuzi amefika."

Eligio akarudi, akachuchumaa. Moja, moja, mbili. Cuqui akaweka mikono magotini. Mpigaji akajitupa kwa mpira wa kasi ambao haukuwapo. Wa kupinda ukapita chini ya gongo lake, nusura aanguke. Aligeuka kumtazama Cuqui kwa hasira. Mpira uliofuata ulikuwa wa kasi kweli, naye hakuuona. Mtu wa pili nje.

Kituo cha pili, Cuqui aliacha kutabasamu.

Mpigaji aliyefuata alidanganyika vilevile. Aliwahi mno, mwili ukaenda mbele, gongo likabaki nyuma, na mpira ukalipata lile gongo karibu na mkono. Likavunjika. Mpira ukapanda kizembe, bila nguvu, ukaelea juu ya kichwa cha mlinzi wa kituo cha pili. Watu watatu waliukimbilia. Ukaanguka katikati yao kwenye nyasi, ukatulia pale kama yai. Cuqui alikuwa ameshafika nyumbani.

Sare, moja kwa moja. Na pigo la kwanza la siku.

Kelele iliyotoka jukwaani haikuwa ya kushangilia wala ya kulia. Glasi ya plastiki ikampiga Eligio begani. "Umemroga! Umemroga kwa mdomo wako!" Anyelo alisimama kwenye kichuguu, kichwa kimeinama, na Eligio akasema moyoni: basi, ameanguka, nami ndiye niliyemwambia habari za kamba. Lakini kijana aliomba mpira mpya, akamtoa aliyefuata kwa mipira minne.

Benchi lilimngoja Eligio kama mahakama.

"Ulimwambia nini?" Don Fausto hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mzunguko wa nane, hajapigwa, wewe unakwenda kupiga naye soga? Na yeye, kuguswa kidogo tu, tazama! Nilisema hana roho. Pimentel, vaa glavu, unaingia."

Eligio alikuwa bado hajavua kinyago. Akakivua. Aliona afadhali aseme uso ukiwa wazi.

"Don Fausto, ishara zangu zinaibiwa. Akiwapo mtu kituo cha pili, wapigaji wanajua mpira gani unakuja. Mwaka mzima. Mimi ndiye niliyekuambia hana roho, na mimi ndiye niliyekuwa nawapa adui mipira yake."

Don Fausto akatema ganda la mbegu ya alizeti. "Umetumia ishara hizo muda gani?"

"Miaka kumi na moja."

"Kumi na moja!" Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

Mzee Pimentel alikuwa anafunga kamba za viatu. "Ndiyo maana mimi nina zangu," akasema.

"Na hukusema?" Don Fausto akamgeukia.

"Sikuulizwa."

Nyuma ya wavu, sauti ya Doña Mirla ikasikika, kavu kama chaki. "Nyani haoni kundule." Akageuza ukurasa.

Don Fausto alimtazama Anyelo, akamtazama Eligio, akatazama wingu. "Pimentel, kaa. Ninyi wawili mtarudi wote. Kama ni kuzama, mzame pamoja. Na wewe, Eligio, habari ya orodha tutaongea mimi na wewe."

Hato Viejo walipata bao moja zamu yao, kwa mpira uliomponyoka mlinzi wa Boca Seca. Mbili kwa moja. Ukaja mzunguko wa tisa, wa mwisho.

Wawili wa kwanza wakatoka upesi; alibaki mmoja wa kutolewa mchezo uishe. Wa tatu akaupiga mpira vizuri, bila wizi wala bahati, ukagonga ukuta wa kushoto, na yeye akasimama kituo cha pili akihema. Matone makubwa ya mvua yakaanza kutua kwenye vumbi. Watu walikuwa wamesimama wote. "Mtoe! Don Fausto, mtoe kabla hajatuua!" Don Fausto alipiga hatua mbili nje ya benchi, akasita, akabaki pale, mguu mmoja uwanjani.

Mpigaji alikuwa Neftalí Rijo, mtu mnene, mpole, ambaye hakuna aliyependa kumwona saa kama ile. Eligio akafikiri. Mpira umeanza kulowa, wa kupinda unaweza kuponyoka mkononi. Usalama ni wa kasi. Akatoa: mbili, mbili, moja.

Anyelo akatikisa kichwa.

Kwa miaka miwili hakuwahi kumkatalia. Eligio alidhani kijana amesahau ishara mpya, akarudia. Anyelo akatikisa kichwa tena, taratibu, bila hasira. Anautaka wa kupinda. Eligio hakuweza kujua kama lile lilikuwa jambo la ushujaa au la ujinga, na hakuna dalili yoyote katika uso ule iliyomwambia. Moja, moja, mbili. Anyelo akakubali.

Mpira ukatoka vizuri, ukapinda, na Rijo akaupata barabara. Mlio wake ulikuwa ule ambao mdakaji haulizi maana yake. Eligio akainuka akiutazama unavyokwenda, juu, mbali, kuelekea ukuta wa katikati. Mlinzi wa nyuma alikuwa anakimbia amewapa mgongo wote. Akafika kwenye ukuta, akanyoosha mkono bila hata kuruka, na mpira ukaingia kwenye glavu yake kabla haujagusa chini: mtu wa tatu nje.

Ilichukua muda kabla uwanja haujaamini.

"Mnaona?" Don Fausto alikuwa anampigapiga Anyelo mgongoni, mvua ikimchuruzika kwenye masharubu. "Siku zote nilisema! Kijana ana roho ya fahali!" Alipita karibu na Eligio bila kumtazama, akaingia kwenye kijumba cha vifaa, akafunga mlango. Ile orodha ilikuwa humo.

Eligio alikwenda kwenye wavu. Doña Mirla alikuwa analifunga daftari lake kwenye mfuko wa nailoni.

"Umeandikaje, Doña Mirla? Anayo roho au hana?"

"Ule wa mzunguko wa nane ulipigwa vibaya ukaanguka. Huu ulipigwa vizuri ukadakwa. Wewe unataka niandike roho kwenye safu ipi?"

"Lakini alikataa ishara yangu. Watu wote wanapiga kelele, naye akanikatalia."

Mama akafikiri, penseli ikigusa kidevu. "Hilo kweli sina safu yake," akasema. "Nenda ukajikaushe."

Wenzao walikuwa wamekimbilia kwenye basi. Mwisho wa benchi Anyelo alikuwa amekaa palepale alipokaa peke yake mchana kutwa. Eligio akaketi pembeni yake. Kutoka pale waliuona mlango wa kijumba, na mwanga chini yake.

"Atakukata?" Anyelo akauliza.

"Sijui."

"Unaogopa?"

Eligio alitazama vidole vyake, vilivyopinda kwa mipira ya miaka mingi. "Naogopa," akasema.

Anyelo akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile chupa ya kahawia, akaitikisa asikie iliyobaki.

"Kunywa, kaka. Mama anasema inasaidia."

Eligio akanywa. Ilikuwa chungu kweli, chungu kama alivyoambiwa. Akanywa tena, akamrudishia, wakakaa wanautazama ule mlango.